Skrini Kubwa au Njia ya Kurudi?

MWENYE BOTI: Boti yangu ni ya faiba, futi 23, mashine mbili nyuma, inalala Kilifi. Kaskazi ikianza nataka kutoka kila Jumamosi. Nimeweka fedha kando kwa ajili ya mtambo mmoja tu, na nimeshaamua: skrini ya inchi 12, chati humo humo, sona humo humo. Nahodha anayeshinda baharini anaweza kuwangoja samaki wiki nzima. Mimi nina siku moja. Chombo kinachoniambia samaki wako wapi kinanipa ile siku nyingine ambayo sina.

NAHODHA: Hiyo sona yako inatazama chini ya boti. Wewe unavua nini? Nduwaro, jodari, kanadi, fulusi. Hao wote unawavua kwa kurambaza, chambo kinapita juu ya maji mita 20, 30, 50 nyuma ya shetri. Nduwaro anayekuja kukipiga chambo hicho anatoka pembeni au anatoka nyuma. Nimebeba wageni miaka mingi kati ya Watamu na Malindi, na nduwaro niliowaona kwenye skrini kabla hawajashika ndoana ni wachache mno.

MWENYE BOTI: Simtafuti nduwaro mwenyewe. Natafuta anachokula. Nikiona wingu la dagaa mita 30 chini, nikaona na ukingo ambapo sakafu inashuka ghafla, nimejua pa kuzungushia boti. Bila sona nitazunguka mchana kutwa juu ya maji matupu, na petroli ya mashine mbili haina huruma.

NAHODHA: Ndege wanakuonyesha dagaa. Mstari wa mkondo unakuonyesha dagaa, pale maji ya buluu yanapogusana na maji ya kijani na takataka zinajipanga. Mtu akizoea kuinamia skrini, hivyo vyote vinampita.

MWENYE BOTI: Ndege wanaonekana kama uko karibu nao na kama jua halikuchomi machoni. Na hayo macho yako, Nahodha, umeyapata kwa kuamka baharini kila siku. Mimi naamka ofisini. Unaniambia nisubiri miaka mingapi ndipo niruhusiwe kupata samaki?

FUNDI: Nyote wawili mnagombania skrini. Mimi nafunga mitambo hii, na ninavyoona, kinachotazama maji ni transdusa, kile kipande kinachobaki chini ya boti. Mtu ananunua skrini ya bei ya pikipiki, halafu anachukua transdusa ndogo kuliko zote kwa sababu haionekani. Na ndiyo inayopiga sauti na kuisikiliza ikirudi. Sauti majini inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, mtambo unahesabu muda wa kwenda na kurudi, basi. Transdusa ikiwa dhaifu, skrini ya inchi 12 inakuonyesha udhaifu huo kwa ukubwa zaidi.

MWENYE BOTI: Nieleze kwa mfano, Fundi. Nikiwa na transdusa ya kawaida naona nini?

FUNDI: Chukua mwali wa nyuzi 20, ambao ni wa kawaida kwa kilohezi 200. Ukiwa na mita 10 za maji chini yako, unaona duara la mita tatu na nusu hivi. Penye mita 200, duara hilo linafika mita 70. Sasa ule upinde uliochorwa kwenye skrini ni samaki aliye popote ndani ya duara hilo, si lazima awe chini ya miguu yako. Jambo la pili ambalo wateja wangu wengi hawalijui: kilicho hai ni ukingo wa kulia wa skrini peke yake. Kila kilicho kushoto kwake kimeshapita. Mtu anaelekeza kidole katikati ya skrini anasema samaki wale pale, na boti imeshawaacha nyuma.

NAHODHA: Hilo nimelisema siku nyingi, sikuwa na hesabu yake.

FUNDI: Na wewe Nahodha nina lako. Kilohezi 200 inachora vizuri lakini inachoka mapema. Ukivuka mita 100 na kitu, picha inaanza kufa. Ukingo wa nje unaoupenda, ukitaka kuuona unahitaji kilohezi 50, au transdusa ya CHIRP, ile inayopiga sauti nyingi zinazopanda badala ya sauti moja, yenye nguvu za kutosha. Kwenye mkondo wa Pemba kina kinapita mita 700. Huko hata macho yako ya miaka yote hiyo hayaoni sakafu. Wazee walikuwa wanapima kwa bildi, kamba na risasi, na hawakuidharau bildi eti kwa sababu wanajua kusoma ndege. Ndugu wa Furuno kule Nagasaki walipotoa chombo chao cha kutafuta samaki mwaka 1948, walionunua walikuwa wavuvi wenye uzoefu, watu wa kazi.

NAHODHA: Bildi siikatai. Ninachokataa ni mtu kutumia fedha zake zote kumtafuta samaki, halafu akawa hana kitu cha kumrudisha nyumbani. Bwana, nikuulize: saa kumi na mbili jioni, giza linaingia, umekaa sana nje kwa sababu samaki walichelewa. Mawimbi yanavunja kushoto na kulia kwa mlango wa mwamba. Unaingiaje?

MWENYE BOTI: Chati iko kwenye skrini. GPS inanionyesha nilipo. Si kama zamani. Tangu Wamarekani walipoondoa ule upotoshaji wa makusudi mwezi Mei 2000, mtambo unakosea mita chache tu.

NAHODHA: GPS inajua ulipo. Je, chati inajua mwamba ulipo?

MWENYE BOTI: Kama haijui, wanaiuza ya nini?

FUNDI: Hapo Nahodha ana hoja, usimkatalie haraka. Pwani hii ilipimwa na manowari za Waingereza. Kapteni William Owen alikuwa hapa miaka ya 1820, watu wake wakitupa bildi kutoka kwenye mashua na kujua walipo kwa jua na nyota. Wengine walikuja baada yake, na bandari kubwa zimepimwa upya mara nyingi kwa sababu meli zinaingia. Lakini vijito vidogo na milango ya mwamba ambayo meli haina haja nayo, namba unazoziona kwenye skrini yako ya kung'aa zinaweza kuwa za kazi ya zamani sana iliyonakiliwa tu. Mtambo unakuchorea mstari mwembamba, safi, na wewe unadhani aliyepima alikuwa na usafi huo huo. Unaweza kuwa na GPS inayokosea mita tano juu ya chati inayokosea mita mia.

MWENYE BOTI: Basi wenye boti wote wangekuwa wamekwama juu ya miamba.

FUNDI: Wenye ujuzi kuliko sisi wamekwama. Novemba 2014, mashua ya tanga iitwayo Team Vestas Wind, katika mbio za Volvo Ocean Race, ilikuwa inatoka Cape Town kwenda Abu Dhabi. Watu tisa ndani, mabaharia wa kulipwa, mitambo bora kuliko yote inayouzwa. Usiku ikapanda mwamba wa Cargados Carajos, bahari hii hii yetu, kaskazini mashariki mwa Mauritius. Wote waliokolewa. Na mwamba ulikuwamo kwenye chati yao. Ila chati ya kielektroniki ukiitazama kwa mbali, ili uone eneo kubwa kwa pamoja, inaficha mambo. Lazima uivute karibu, kipande kwa kipande, kwenye njia yote utakayopita. Wao hawakuivuta pale penye mwamba. Hiyo ndiyo hatari ya chati hizi, na skrini kubwa haiiondoi, kwa sababu mtu mwenye skrini kubwa anaona hana haja ya kuvuta karibu.

NAHODHA: Ndiyo maana namwambia aanze na dira, taa na mtu anayejua mlango.

FUNDI: Hapana, Nahodha, hapo tunaachana. Mtambo una dawa yake ndani. Toka mchana, maji yamejaa, bahari shwari, mtu anayejua mlango akiwa pamoja nawe. Washa mtambo urekodi njia uliyopita. Jioni rudi juu ya mstari ule ule. Huo mstari haukutoka kwa Kapteni Owen, umetoka kwenye boti yako, kwa setilaiti zile zile zinazokuonyesha ulipo sasa. Namwamini mtu anayerudi kwa mstari wake kuliko nahodha anayekisia gizani, na manahodha wanaokisia ninawajua.

NAHODHA: Na maji je? Mstari wako haujui kwamba maji yametoka. Wakati wa bamvua, hapa maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Asubuhi amepita juu ya jiwe na hakulijua. Jioni anarudi juu ya mstari ule ule kwa imani yote, na jiwe limekuja karibu na panga za mashine.

FUNDI: Kweli. Arekodi njia yake maji yakiwa yamepwa, basi, akiweza kupita. Asipoweza, ajue kwamba boti yake na mlango ule havikutani wakati huo, asubiri nje hadi maji yajae.

MWENYE BOTI: Nimewasikia. Lakini mnazungumza kama kwamba skrini kubwa na usalama ni maadui. Kwenye skrini ya inchi saba nikigawa chati upande huu na sona upande ule, sioni kitu, na boti inaruka. Jua la saa saba mchana linapiga, nimevaa miwani myeusi, chumvi imeganda kwenye kioo. Ukubwa ni usalama pia. Na mambo yakiwa mahali pamoja, nina kitu kimoja cha kujifunza badala ya vinne.

FUNDI: Na kitu kimoja cha kuharibika badala ya vinne. Nikueleze ninachokiona mara kwa mara. Mtu ameunganisha mtambo kwenye betri ile ile inayowasha mashine. Yuko nje, amezima mashine avue kwa mshipi, sona inaendelea kula betri. Anawasha mashine, umeme unashuka ghafla, skrini inazimika na kujiwasha upya. Hiyo ni siku njema. Siku mbaya mashine haiwaki kabisa, na redio ilikuwa kwenye betri hiyo hiyo. Betri ya pili, swichi ya kutenganisha, waya mnene uliopakwa bati usiliwe na chumvi, fyuzi ya kila kitu. Hakuna mtu anayemwita jirani aje aone fyuzi zake, ndiyo maana hawanunui.

MWENYE BOTI: Redio ninayo. Ya mkononi.

NAHODHA: Ya mkononi ni wati tano, na antena yake iko usawa wa sikio lako. Ya kufunga ni wati 25, antena juu. Ukiwa maili 15 nje unaita chaneli 16, tofauti hiyo ndiyo ya kusikika na kutosikika.

FUNDI: Na ya kufunga, ile yenye kitufe chekundu, ukiiunganisha na GPS, ukibonyeza inatuma wito pamoja na mahali ulipo. Nimekuta boti kadhaa zenye redio hizo zisizounganishwa. Waya mbili tu. Kitufe kipo, kinapiga kelele, lakini hakisemi uko wapi. Ongeza EPIRB, ile inayopiga setilaiti kwa megahezi 406, na uisajili kwa jina lako na boti yako, ili waokoaji wa Mombasa wakipokea wito wajue wanamtafuta nani. Hivyo viwili nitakufungia kabla sijagusa sona.

MWENYE BOTI: Na rada? Na AIS? Kwa orodha yenu boti itazama kwa uzito wa usalama.

FUNDI: Rada kwenye futi 23 nakushauri uache. Mtumbwi wa mbao na dau haziirudishi vizuri, na usiku hizo ndizo zitakazokugonga au utakazozigonga. AIS, mtambo wa kupokea ishara za meli nyingine, inakuonyesha meli kubwa zinazoingia Mombasa, ina faida ukivuka njia yao. Wavuvi wenzako hawana, kwa hiyo usidhani bahari ni tupu kwa sababu skrini ni tupu. Na ile sona ya moja kwa moja, kama LiveScope ya Garmin iliyotoka mwaka 2018, unayoona samaki akitikisa mkia, ilipendwa kwanza kwenye maziwa ya Marekani, maji yaliyotulia, na huko huko wanagombana kama ni haki kuitumia mashindanoni. Uwezo wake unaishia makumi ya mita. Huku kwenye mawimbi na mita 150 za maji, fedha yako inapotea.

NAHODHA: Mwulize Fundi transdusa ataifunga wapi.

FUNDI: Faiba tupu, isiyo na povu wala mbao katikati, naweza kuigundisha kwa ndani na sauti ikapita. Ikiwa na povu katikati, sauti inafia humo. Ikibidi nje, kwenye shetri, basi chini ya usawa wa maji laini, mbali na mistari ya mwili wa boti inayoburuta mapovu. Mapovu ndiyo adui. Ukikimbia kwa kasi na picha ikakatika, usiulaumu mtambo, panda shetri uangalie transdusa imekaa wapi. Sentimita chache zinabadilisha kila kitu.

MVUVI WA MSHIPI: Nimenyamaza kwa kuwa hizo mashine si zangu. Sasa niseme. Ninyi mnabishana kama mtambo utampata samaki. Mimi nasema unampata, na hapo ndipo taabu yangu inapoanza. Kuna mwamba nje kule, mdogo, mita 80 hivi za maji. Babu yangu aliujua kwa alama za bara: mnazi huu upandane na kilima kile, na upande wa pili paa fulani litokeze kwenye pembe ya mikoko. Alama zote mbili zikikaa, tia nanga. Ilimchukua baba yangu ujana wake kuzijua zote. Bwana mmoja mwenye boti kama yako alipita karibu nami nikiwa nimetia nanga. Akabonyeza kidole mara moja. Baada ya hapo, boti tatu.

MWENYE BOTI: Mzee wangu, nakuheshimu, lakini bahari haina hati ya kumiliki. Na sisi ni watu wanne wenye ndoana nne. Waliomaliza samaki wa pwani hii ni nyavu za kukokota na nyavu za macho madogo, zinazozoa mpaka watoto wa samaki. Hizo hazina GPS.

MVUVI WA MSHIPI: Nyavu hizo ni aibu yetu, tunazipigia kelele kwenye BMU, kikundi chetu cha usimamizi wa ufuo, mpaka tunachukiana. Sizitetei. Lakini nyavu za ufukweni hazifiki mita 80. Pale palikuwa pahali pa chewa wakubwa kupona, kwa sababu kupapata kulikuwa kugumu. Ugumu ndio uliokuwa unawalinda.

MWENYE BOTI: Nitavua na kuwaachia. Nduwaro wanafungwa alama na kuachiwa, Watamu wamelizoea jambo hilo tangu miaka ya 1990.

NAHODHA: Nduwaro, sawa. Amevutwa juu juu, anarudi na nguvu zake. Chewa uliyempandisha kutoka mita 80 anafika juu kibofu cha hewa kimevimba, tumbo limemtoka mdomoni, macho yamemtoka. Ukimwachia anaelea. Nimewaona wakielea na ndege wakiwadonoa, na mgeni anapiga makofi kwamba amemwokoa samaki. Na chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, wakikua ndipo wanageuka madume. Ukichagua wale wakubwa kwenye skrini, unachagua madume.

MWENYE BOTI: Zipo njia za kuwarudisha chini kwa uzito.

NAHODHA: Zipo. Umezinunua?

MWENYE BOTI: Bado. Nitanunua. Na mtambo huu huu mnaoulaumu unachora mipaka ya hifadhi za Malindi na Watamu, zimetengwa tangu 1968, na mtu mwenye skrini hana kisingizio cha kusema hakujua ameingia. Alama za mnazi hazikuonyeshi mpaka wa hifadhi.

MVUVI WA MSHIPI: Hilo nakubali. Vijana wetu wamekamatwa kwa kutojua mpaka.

FUNDI: Tuje kwenye fedha, maana kaskazi haitungoji. Ukishuka kutoka inchi 12 hadi tisa, tofauti yake inalipa betri ya pili, waya, redio ya kufunga na transdusa ya CHIRP inayofika ukingoni. Simu yako yenye chati uliyoipakua iwe akiba ndani ya mfuko usioingia maji. GPS ya simu haihitaji mtandao, lakini usiitegemee, jua litaichemsha mpaka ijizime.

MWENYE BOTI: Tisa, basi. Na EPIRB. Inchi tatu zinaniuma, nisiseme uongo. Lakini miamba nitakayoipata mwenyewe kwa sona yangu nitaiweka alama, na sitaomba ruhusa ya mtu.

MVUVI WA MSHIPI: Ukiipata mwenyewe, weka. Usiwatumie wenzako kwenye simu.

MWENYE BOTI: Na wewe alama zako utampa nani? Mwanao yuko Mombasa anaendesha bodaboda, hataki bahari. Siku utakayoondoka zinaondoka nawe, na miaka yote ya babu yako inapotea. Kwenye mtambo zingebaki.

MVUVI WA MSHIPI: Mwanangu akirudi atazikuta kwangu, nitamfundisha, na atakuwa amejua pia msimu wa kuuacha mwamba upumzike. Akizikuta kwenye skrini ya mtu, atakuta na boti sita zimetia nanga juu yake.

NAHODHA: Na asiporudi?

MVUVI WA MSHIPI: Nitamtafuta kijana mwingine. Aje nipige naye makasia, nimwonyeshe. Hata huyu bwana akitaka kuja Jumamosi moja bila mtambo wake, nafasi ipo kwenye mtumbwi.

MWENYE BOTI: Nitakuja. Simu nayo niiache pwani?

MVUVI WA MSHIPI: Iache.